Dakika Saba za Chai

Ghulam Dastgir alikuwa mwoga. Nalisema mapema ili asitokee wa kunidai shujaa huko mbele. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa kupanda ngazi isiyo na mtu wa kuishikilia chini, na kuliko vyote aliogopa polisi. Na Mungu, kwa mipango yake, akampa kazi ya kuingia vituo vya polisi bila kukaribishwa.

Alikuwa tarishi wa mahakama ya juu ya jimbo letu la Punjab, na kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita. Siku nyingi alipeleka samansi kwa watu waliojificha nyuma ya milango na kuwatuma wake zao waseme wamesafiri. Lakini zilikuwapo siku nyingine. Mzazi akija mahakamani analia kwamba mwanawe kachukuliwa na polisi na hajulikani aliko, jaji aliandika amri, akaitia kwenye bahasha, akamwita Dastgir. Aende kituoni bila taarifa, apekue kila chumba, na akimkuta mtu ameshikwa pasipo kuandikwa kitabuni, amtoe siku hiyo hiyo. Polisi wana bunduki, wana virungu, wana magari. Dastgir alikuwa na karatasi yenye mhuri na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

Kwetu watu husema "serikali" kana kwamba ni mtu mmoja. Dastgir alijua ni watatu, tena wasiopendana. Bunge limetunga sheria kwamba anayekamatwa aandikwe kitabuni saa ile ile, na kabla ya saa ishirini na nne kwisha awe amesimama mbele ya hakimu. Polisi ndio wenye mikono ya kukamata. Jaji ndiye wa kuuliza, mmekamata kwa haki gani? Lakini jaji hatoki kwenye kiti chake. Ule mwanya kati yao, pale mmoja anapomwambia mwenzake "hapa basi", lazima apite mtu kwa miguu yake, na mtu huyo alikuwa yeye.

Alichokuwa nacho ni mstari. Alifundishwa na mkubwa wake wa kwanza kazini, mzee mmoja mkali aliyetafuna shamari kutwa nzima. Mzee alimwambia kwamba kituo chenye mtu wa kuficha hakikimbilii selo, kinakimbilia kitabu cha matukio. Makarani wa polisi wana tabia ya kuandika ya asubuhi jioni, wakiacha nafasi ya kupachika wanachotaka. Kwa hiyo ukiingia, kabla ya kuketi, kabla ya maji, shika kitabu, piga mstari chini ya neno la mwisho, weka saini, andika saa ya ukutani. Hapo umekifunga. Litakaloandikwa chini ya mstari haliwezi tena kudai kwamba lilitangulia.

"Na salamu?" Dastgir aliuliza, maana alikuwa kijana mwenye adabu.

"Salamu utaitoa huku unaandika."

Alifanya hivyo mara arobaini na moja, akiwa na kalamu ya wino mwekundu. Mkono ulitetemeka mara zote arobaini na moja, hata watu wa masjala ya mahakama walikuwa wakimtania, "Huu si mstari, Dastgir Sahib, huu ni mto Ravi." Lakini mstari ulikuwapo.

Ile mara ya arobaini na mbili ndiyo ninayotaka kuisimulia. Ilikuwa Januari, ukungu umetanda mashambani hata ng'ombe wanagongana. Ilibaki miezi minane tu astaafu. Mama mmoja mjane, Mai Rehmate, alikuwa amefika kwa jaji alasiri ya jana yake. Mwanawe Rafaqat, fundi wa pampu za maji ya mashamba, alichukuliwa na polisi siku kumi na moja zilizopita, kulipokuwa kunapambazuka, akatolewa kitandani hana hata viatu. Kosa lake ni kwamba aliwajibu wakaguzi wa mfereji walipomuuliza ni pampu ya nani inayovuta maji nje ya zamu. Pampu ilikuwa ya mbunge. Mbunge huyo aliapa kuilinda sheria ile ya saa ishirini na nne, ila labda siku ya kiapo alidhani inahusu majimbo ya wenzake.

Walipanda basi la kwanza, yeye na Mai Rehmate, kwa kuwa ni lazima awepo wa kumtambua mtu. Waliposhuka walichukua gari la farasi hadi kituo cha polisi cha Kot Nihal. Mama alipakata kifurushi cha kitambaa.

"Una nini humo, Mai?"

"Viatu vyake. Kaondoka peku, na baridi hii. Ukimtoa tu nimvike."

"Inshallah."

"Mbona unatetemeka hivyo, ndugu yangu?"

"Baridi," alisema Dastgir. Mama alimtazama, akamvutia upande mmoja wa shali lake. Alikuwa na akili za kutosha kujua kwamba haikuwa baridi.

Walifika saa tatu na dakika ishirini. Mama aliambiwa asubiri barazani. Dastgir aliingia ofisini, kalamu imeshafunguliwa ndani ya mfuko wa koti, bahasha mkono wa pili. Mezani palikuwa na karani wa kituo, Munshi Yakub, mtu mwenye mashavu laini na vidole vya wino, na kitabu kilikuwa mbele yake. Hatua sita tu. Dastgir alizihesabu.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa, akatoka mkuu wa kituo, Inspekta Sarfraz, kijana mrefu aliyenyoa vizuri, ametabasamu kama aliyeona mjomba wake uwanja wa ndege.

"Aa! Chacha Dastgir, ami yangu! Assalam aleikum. Karibu, karibu. Ukungu huu wote umekuja mwenyewe?"

"Waaleikum salaam. Nina amri ya mahakama. Nakiomba kitabu."

"Utapata kitabu, chacha, kitabu kitaenda wapi? Nyumbani hawajambo? Farzana je? Bado anafundisha ile shule ya wasichana nyuma ya soko la ngozi?"

Dastgir hakuwahi kumtajia askari yeyote jina la binti yake.

"Kazi nzuri, ualimu," aliendelea Inspekta, akimvutia kiti. "Ila ule uchochoro wa kutokea sokoni mimi siupendi. Asubuhi na mapema, ukungu, msichana peke yake. Keti, chacha. Mbona umesimama kama mgeni? Leteni chai!"

Dastgir alikitazama kitabu, kisha kiti. Aliketi. Hilo ndilo kosa lake, na sitalipamba. Miaka ishirini na sita hakuwahi kuketi kabla ya mstari, na siku hiyo aliketi kwa sababu ya jina la mtoto wake.

Chai ililetwa haraka mno, chai ya maziwa iliyokolea iliki, na biskuti mbili kwenye kisahani. Aliishika bilauri kwa mikono miwili ili isimwagike. Hapo ndipo alipomwona Munshi Yakub anainuka polepole, anakitia kitabu kwapani, anapita mlango wa pembeni na kuurudisha nyuma yake. Aliona kwa macho yake. Aliwaza, sema, Dastgir, sema sasa. Inspekta alikuwa anamweleza habari za bei ya miwa na jinsi barabara zilivyojaa pikipiki zisizo na namba, ambazo hugonga watu na kukimbia, masikini, na hakuna anayezipata. Dastgir alipiga funda. Alitazama saa ya ukutani. Alipiga funda la pili.

Karani alirudi na kitabu, akakiweka mezani kwa heshima zote, wazi mahali panapotakiwa.

"Kitabu hicho, chacha," alisema Inspekta.

Aliinuka. Mkono wake, ambao ulikuwa umefanya jambo moja miaka ishirini na sita, ulifanya jambo lile lile bila kumuuliza. Ulipiga mstari mwekundu chini ya neno la mwisho, ukaweka saini, ukaandika: saa tatu na dakika ishirini na saba. Ndipo macho yakasoma kilichokuwa juu ya mstari.

Namba kumi na nne. Saa mbili na dakika kumi asubuhi ya leo. Rafaqat, fundi wa pampu, kakamatwa kituo cha mabasi cha Kot Nihal akiwa na bastola isiyo na kibali. Alivyokutwa navyo: bastola moja, leso moja, kitana kimoja, viatu vya ngozi jozi moja. Wino ulikuwa bado unang'aa.

Mstari uliokuwa unawaokoa watu sasa ulikuwa umeufunga uongo ndani kama mlango wa ghala, na chini yake saini ya mahakama. Rafaqat hakuwa tena mtu aliyefichwa siku kumi na moja. Alikuwa mhalifu wa saa moja iliyopita, mwenye bastola, na sheria yenyewe iliwapa polisi hadi kesho kuwa naye. Baada ya hapo ni miaka jela.

"Tumalize kwa furaha," alisema Inspekta. "Mleteni."

Walimleta wakiwa wamemshika makwapa. Ndevu za siku kumi na moja, midomo imepasuka, na miguu yake, Mungu wangu, miguu mitupu iliyovimba na kuwa myeusi kwa chini, inakanyaga sakafu ya saruji kwa ukingo tu. Mai Rehmate alisikia sauti akaingia, na hapakuwa na wa kumzuia. Hakupiga kelele. Alimshika mwanawe uso, akamtazama huku na huku. Kisha alichutama, akafungua kifurushi, akatoa viatu vya ngozi, vimekauka tope la shambani, na kuuinua mguu wa kwanza.

Inspekta alitabasamu. "Mvike, mama. Mvike mwanao, baridi hii."

Na tabasamu lile ndilo lililomwamsha Dastgir. Viatu jozi moja. Vikivaliwa tu, kitabu kitakuwa kimesema kweli.

"Usimvike!"

Hata yeye alishtuka. Sauti ilitoka kubwa, kali, si yake. Mama alibaki na kiatu mkononi.

"Umesema nini?"

"Usimvike, Mai. Nipe mimi hivyo viatu."

"Huyu mzee haoni miguu ya mwanangu?" Mama aliuliza chumba kizima. "Wewe si mzazi?"

"Nipe, tafadhali. Nipe sasa hivi."

Alimnyang'anya. Nasema alimnyang'anya maana ndivyo ilivyokuwa: mzee mmoja anamvuta mjane viatu vya mtoto wake mbele ya askari wanaocheka. Alivitia kwenye mkoba wa mahakama, akaviandikia risiti kwa herufi zilizolala kila upande. Inspekta aliacha kutabasamu. Alizunguka meza, akasogea karibu hata Dastgir akasikia harufu ya sabuni yake.

"Masikini hawezi kuwa na jozi mbili, chacha?"

"Sijui, Inspekta Sahib. Jaji atauliza."

"Saini yako iko kitabuni. Wino mwekundu. Umeona, umeridhika, umefunga. Na ukitaka kuandika mengine, mimi nina askari wanne watakaoapa kwamba mjumbe wa mahakama aliketi kiti changu, akanywa chai yangu, akala biskuti zangu. Huko kwenu wanaitaje hiyo? Hongo ndogo, au hongo kubwa?"

"Biskuti sikula," alisema Dastgir.

"Utaapa hukula." Alimpigapiga begani. "Uzee mwema, chacha. Miezi minane si mingi. Nisalimie mwalimu."

Hakuweza kumchukua Rafaqat. Kwa kitabu kile hakuwa na haki hiyo tena. Alichoweza ni kumkabidhi Inspekta amri kwamba kesho saa tatu mtu na kitabu vifike mahakamani, na kumtaka asaini kupokea. Kisha alitoka, akamwacha mtu yule mikononi mwa wale wale. Kwenye gari la farasi mama alikaa upande wa pili, shali lake lote amejifunika mwenyewe, na alimlaani njia nzima kwa sauti ndogo, taratibu, kama mtu anayechambua dengu. Dastgir alikumbatia mkoba. Kila pikipiki iliyotokea kwenye ukungu ilimfanya afumbe macho.

Nyumbani mkewe Sughran alikuwa amepika majani ya haradali na mkate wa mahindi. Hakugusa. Alikaa na karatasi, akaandika taarifa, akaichana, akaandika nyingine. Mwishowe ilibidi aseme, kwa kuwa si vizuri Farzana apite uchochoro ule asubuhi bila kujua. Akawaeleza yote, la pikipiki na la chai.

Sughran alisimama na upawa mkononi. "Ulikunywa chai yao? Baba Farzana, yangu asubuhi uliiacha mezani, ukasema tumbo halikubali!"

"Niliogopa, mama Farzana."

"Sasa ya kwangu ndiyo haitishi?"

Farzana alicheka, kisha kicheko kikamfia. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na aliona vizuri baba yake anaogopa kwa ajili ya nani. Aliichukua ile taarifa akaisoma kama anavyosoma daftari za watoto.

"Hapa umeandika 'baada ya muda kidogo nilikitazama kitabu.' Kidogo ndiyo ngapi?"

"Kidogo."

"Baba, mtoto akiniandikia hivyo namrudishia. Ngapi?"

Dastgir alijua kuna taarifa mbili. Katika moja, aliingia, akafunga kitabu, akamkuta mtu ameandikwa. Kila neno lingeonekana kweli, angestaafu na shada la maua shingoni, na Farzana angepita uchochoroni salama. Rafaqat angeoza. Katika ya pili kulikuwa na dakika saba, na hakuna mwingine duniani aliyeziona isipokuwa waliozitumia kuandika uongo. Ila huwezi kuzitaja dakika zile bila kusema ulikuwa unafanya nini ndani yake.

"Wakinifukuza," alisema, "pesa ya uzeeni hatupati."

"Najua," alisema Farzana. "Na mimi naogopa, baba. Sijui nikuambie nini. Mimi nimekuuliza ngapi tu."

Aliandika: saba.

Asubuhi yake chumba cha mahakama kilijaa. Inspekta Sarfraz alikuja na sare iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, wakili wa serikali kando yake. Rafaqat walikuwa wamemvalisha kandambili za plastiki. Mai Rehmate alikaa nyuma, hakumtazama Dastgir hata mara moja. Dastgir alikuwa ameshika nguzo.

Wakili wa serikali alisema mambo ni meupe: mtu kakamatwa jana, ameandikwa jana, na mjumbe wa mahakama hii hii ametia saini chini yake. "Kama mahakama haiamini polisi, Mheshimiwa, basi angalau iamini kalamu yake yenyewe."

Jaji, mtu mfupi mwenye kikohozi cha Januari, alifungua kitabu, akautazama mstari mwekundu muda mrefu. "Ghulam Dastgir. Saini hii ni yako?"

"Ni yangu, Bwana Jaji."

"Mheshimiwa," aliingilia Inspekta, "kabla hajasema zaidi, ni wajibu wangu kuieleza mahakama kwamba mjumbe huyu aliketi ofisini kwangu akanywa..."

"Chai," alisema jaji. "Dakika saba. Ameniandikia, mstari wa kwanza wa taarifa. Ameandika pia kwamba wewe ulimtaja binti yake, na kwamba karani wako alitoka na kitabu akarudi nacho. Amejishtaki yeye kwanza, Inspekta. Sasa ni zamu yako. Viatu vya ngozi vilivyoandikwa hapa viko wapi?"

Inspekta alimgeukia Munshi Yakub. Munshi aliangalia vidole vyake. Kwa miaka mingi alikuwa akiandika orodha ile ile kwa kila mtu, leso, kitana, viatu, mkono ukienda wenyewe, na katika kuharakisha hakukumbuka kutazama miguu ya mtu.

"Vi... viko ghalani, Mheshimiwa. Vilisahaulika."

"Dastgir."

Alifungua mkoba. Aliviweka viatu mezani kwa jaji, tope lake limekauka, risiti imefungwa kwa uzi. Mai Rehmate alisimama taratibu, mkono mdomoni, na sasa alikuwa anamtazama.

Jaji alimuuliza mama ni vya nani, vimekuwa wapi siku kumi na moja. Mama alijibu kwamba ni vya mwanawe, vimekuwa nyumbani. Jaji alimwambia Rafaqat avue kandambili, akaiona miguu, akaandika muda mrefu bila kuinua kichwa. Rafaqat aachiwe sasa hivi. Kitabu kibaki mahakamani. Habari za Inspekta na karani zipelekwe kwa wakubwa wao ili hatua zichukuliwe, kwa sababu, alisema huku akikohoa, kumwadhibu askari kazini si mamlaka ya mahakama hii, na anayeomba wenzake wasivuke mpaka hana budi kuuheshimu wake.

Kisha akavua miwani.

"Na wewe. Mtu huyu angekuwa ametoka jana. Amelala kule usiku mmoja zaidi kwa sababu uliketi."

"Ndiyo, Bwana Jaji."

"Mimi sina askari. Nina mtu mmoja anayeingia mlangoni. Akiketi, nimeketi mimi." Jaji alivaa miwani tena. "Hutatumwa tena vituoni. Utamalizia masjala. Taarifa yako itabaki ndani ya jalada lako kama ulivyoiandika, ya kukusuta na ya kukutetea."

Dastgir aliinamisha kichwa. Wengi walidhani ana huzuni. Kusema kweli alihisi amevuliwa gunia la mawe, na palepale akaona haya kwa kuhisi hivyo.

Nje, kwenye ngazi, Mai Rehmate alikuwa amechutama tena mbele ya mwanawe. Viatu havikuingia. Miguu ilikuwa imevimba mno. Alijaribu mara tatu, kisha akavifunga kwa kitambaa, Rafaqat akavitia kwapani, akashuka ngazi peku, kidato kimoja kimoja, ameegemea bega la mama yake. Walipofika chini mama alirudi juu peke yake.

"Jana nimekulaani njia nzima," alimwambia Dastgir.

"Nilisikia, Mai."

"Laana nyingine siwezi kuzirudisha. Zimeshaondoka."

"Za ule usiku mmoja aliolala kule nilistahili."

Mama alifikiri. "Hizo basi zibaki," alisema, akashuka.

Inspekta Sarfraz alihamishiwa kituo kingine, mwendo wa saa mbili kutoka pale, akiwa na cheo kile kile. Mbunge alibaki mbunge. Pampu, nasikia, bado inavuta. Rafaqat alihamia kwa shemeji yake kusini, na mguu mmoja haukurudi sawasawa.

Na Dastgir, kila asubuhi kwa miezi minane, kabla ya kwenda masjala, alimsindikiza Farzana hadi shuleni, akipita naye uchochoro wa soko la ngozi. Binti alimwambia mara nyingi, "Baba, wakitaka kunigonga wewe utawafanya nini?" Alijibu kwamba hajui. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nyuma yao ilimtoa jasho jembamba, na kila mara alihamia upande wa barabara, akamweka binti upande wa ukuta. Alikuwa na kalamu nyekundu mfukoni, sijui ya nini, na namba za pikipiki zile, zilizokuwa na namba, aliziandika kiganjani, saa na dakika.